Jibu: Maktaba ya ngomeni usiiweke jioni

Dada, usifanye hivyo. Umeuliza kama ukishuka gatini saa kumi alasiri utawahi Makumbusho ya Lamu kisha maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu "kwa utulivu wa jioni", halafu asubuhi boti ya kuvukia bara, Mokowe. Ukauliza na pa kula, na kama mtoto atachoka. Ratiba hiyo naijua, ndiyo iliyoniliza.

Mimi sikwenda kutembea. Bibi yangu wa Mombasa amehifadhi utenzi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858, lakini ubeti mmoja ulimtoka, akawa kila akisoma anakwama hapohapo. Akanituma: nenda Lamu, kawaulize wenye vitabu. Nikapanda basi, siku nzima njiani kupitia Garsen.

Gatini akanipokea kijana wa kutembeza wageni. Nilimwambia waziwazi kuwa haja yangu ni maktaba. Akaniapia kwamba maktaba na makumbusho saa zake ni zilezile, vyote mpaka saa kumi na mbili, tuanze makumbusho. Nikamfuata. Siwa, zile baragumu kubwa za kifalme, nimeziona, ya pembe ya ndovu ya Pate na ya shaba ya Lamu, na ni nzuri mno, siwezi kusema uongo. Ila huyo bwana alisimama kila mlango wa nakshi, kila kitanda, kila picha ya jahazi. Tunafika ngomeni ni saa kumi na moja na nusu. Lango la ngome wazi, mlango wa maktaba umefungwa, mhusika keshakwenda zake. Na msiniambie nilizembea njiani: Lamu foleni ni punda wawili, na wote walinipisha.

Kijana akasema, "Basi kesho." Anajua nina tiketi ya basi la alfajiri! Na ujira wake akadai wote. Nilimlipa, na mpaka leo inaniuma. Kutojua si kosa. Kumwapia mtu jambo usilolijua, hilo ndilo lililonikera.

Bibi alikuwa barazani ananingoja. Hakunilaumu, aliuliza tu, "Hukuupata?" Nauli, malazi, siku mbili za kazi, vyote vilirudi baadaye. Swali lile bado nalisikia.

Kwa hiyo: maktaba asubuhi, na kabla ya kitu kingine chochote. Ukishuka leo, pita ngomeni umuulize mlinzi wa lango anayekaa maktaba huingia na kutoka saa ngapi. Uliza mwenyewe, usitume mtu. Andika kwenye karatasi unachotafuta. Kama ni maandishi ya zamani, nenda na mtu anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Ngome imesimama tangu 1821, siwa hazina haraka, zitakungoja alasiri. Mwenye ufunguo hakungoji.

Boti yako isogeze mpaka alasiri. Isogeze sasa hivi, kabla hujalipa.