Shimura si baba yake Jin Sakai

Wengi huuliza kama Shimura ni baba wa Jin Sakai, samurai tunayemcheza kwenye mchezo wa video Ghost of Tsushima (2020). Hapana, Shimura ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Baba mzazi ni Kazumasa Sakai, aliyeuawa Jin akiwa mtoto. Kwenye mchezo kumbukumbu hiyo inarudi: baba yuko chini, anamwita mwanawe amsaidie, na mtoto amejificha, mwili umemganda. Shimura ndiye aliyemlea baada ya hapo.

Nadhani kinachochanganya watu ni kwamba katikati ya mchezo Shimura anataka kumfanya Jin mwanawe rasmi na mrithi wake, kwa kibali cha shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Nimeumaliza mara mbili, na kila mara sehemu hiyo inaniuma, kwa sababu Jin anaporudi Omi, nyumbani kwao, yaya wake wa zamani Yuriko anampokea, na Jin anavaa deraya ya baba yake. Anavutwa na koo mbili kwa wakati mmoja.

Ila urithi wa Kazumasa si wa heshima tupu. Cheza sehemu ya kisiwa cha Iki iliyoongezwa 2021: watu wa huko wanamkumbuka kama mchinjaji, na Jin anabeba hilo pia.

Uvamizi wa Wamongolia wa 1274 ni historia ya kweli, lakini ukoo wa Sakai wa humo ni wa kubuni. Katika historia, aliyekufa akikilinda kisiwa cha Tsushima, Japani, ni So Sukekuni.