Bia kali ya kupika nyumbani kwa harusi ya rafiki, nipeleke ipi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni msomaji wenu niko Leeds, Uingereza, huku nimejifunza kupika bia nyumbani, napika kama lita 20 kwa mkupuo, sio biashara, ni ya kunywa na washkaji tu. Sasa rafiki yangu wa kufa na kuzikana anafunga ndoa mwisho wa Septemba, watu 80 hivi, msosi ni pilau na mishkaki, na ameniomba bia yangu ndo iwe ya kugonganisha glasi. Nataka bia kali ya aina ya ale ambayo watu wataisimulia. Ndani nina Barley Wine, ile bia nzito ya kukaa muda mrefu, ya kama asilimia 10, nimeitia chupa mwezi wa nne. Pia nawaza kupika Tripel ya Kibelgiji, au ile stauti nzito wanayoiita Imperial niitie na kahawa ya Mbinga. Sasa hivi ni mwanzo wa Juni, nichague ipi? Na sheria ya huku inaruhusu kweli?
Msomaji, Leeds

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mpelekee bwana harusi hongera zetu. Nikujibu moja kwa moja, pika Tripel, ianze wikiendi hii hii usingoje, na ile Barley Wine usiiguse kabisa, ina kazi yake ntakwambia huko mbele.

Najua ukisema kali unafikiria namba. Lakini bia ya harusi haichagui mnywaji, hapo kuna shangazi ambaye bia anaionja Krismasi kwa Krismasi, kuna mzee wa kanisa anayekunywa glasi moja kwa heshima ya bwana harusi, kuna vijana watakaotaka ya pili na ya tatu, na wote hao wanainua glasi kwa wakati mmoja, kwa hiyo unatafuta bia yenye nguvu ambayo mtu akiimeza haimkunji uso.

Barley Wine yako itakuwa na miezi mitano tu siku ya harusi. Kwa asilimia 10 hapo bado inachoma koo na utamu wake unanata mdomoni. Bia ya namna hiyo inataka miezi sita mpaka mwaka na kuendelea, ndo ule ukali unalala na inaanza kutoa ladha ya tende na zabibu kavu, yani inakuwa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo fanya hivi, chagua chupa kumi na mbili, zifunge kwenye boksi zuri, andika tarehe ya harusi kwenye kila chupa, wape maharusi kama zawadi wafungue moja kila mwaka siku yao ya ndoa. Wazitunze zimesimama, gizani, pasipo joto. Kwakweli sioni zawadi ya kununua dukani inayoifikia hiyo.

Stauti ya Imperial nayo naiheshimu sana, ilikuwa inapikwa London karne ya 18 na kusafirishwa mpaka Urusi kwenye jumba la kifalme la Catherine, ila ni nzito, mtu ameshakula pilau na nyama sahani imejaa afu unampa na hiyo, atakunywa nusu aiache. Na harufu ya kahawa kwenye bia haikai muda mrefu. Ipike kwenye Oktoba, Desemba mnainywa na keki ya chokoleti, kahawa bado inanukia vizuri.

Sasa Tripel. Watawa wa Westmalle kule Ubelgiji walianza kuipika yao mwaka 1934, mapishi yake wakayarekebisha 1956 na mpaka leo yao ina asilimia 9.5. Rangi yake ni ya dhahabu, povu jeupe limesimama, kwenye picha za harusi inapendeza ile mbaya. Lakini kilichonifanya niichague ni pilau. Hamira ya Kibelgiji yenyewe inatoa harufu ya karafuu na ndizi mbivu wakati bia inachachuka, hujatia kiungo chochote, sasa ikutane na karafuu na iliki ya kwenye pilau utaona watu wanavyouliza umeweka nini humu. Na gesi yake nyingi inasafisha mafuta ya mishkaki mdomoni, ukimeza unataka tonge lingine.

Kwenye kupika, tumia kimea, yani shayiri iliyooteshwa, kile chepesi cha pilsner, na katika vitu vyote vinavyotoa sukari, kama asilimia 15 iwe sukari yenyewe. Sukari nyeupe ya kawaida inatosha, usiingie gharama ya ile ya mabonge kutoka Ubelgiji. Watu wanaogopa sukari wakidhani bia itakuwa tamu, kumbe ni kinyume chake, hamira inaila yote, ndo maana Tripel ina nguvu lakini ni nyepesi mdomoni. Haidromita, kile kipimo cha sukari iliyomo kwenye bia, ikisoma 1.080 kabla ya hamira na ikaishia 1.012, toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131.25, unapata karibu asilimia 9. Hapo simama, usitafute 11.

Pa kuwa makini zaidi ni joto. Anzia nyuzi 18 au 19, ikishachachamaa siku tatu nne iache ipande yenyewe mpaka 22 au 24, ikianza moto toka siku ya kwanza inatoa ule ukali wa kama rangi ya kucha. Hamira tia ya kutosha, pakiti moja kwa lita 20 za bia nzito hivyo ni ndogo, tia mbili. Usiitie chupa mpaka haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo. Kisha sukari ya kuleta gesi chupani, gramu 8 kwa lita, yani 160 kwa lita 20, na hapa nakusihi mdogo wangu tumia chupa nzito, zile za Kibelgiji au za shampeni, maana chupa nyembamba ikipasuka inarusha vioo na inaweza kumtoa mtu jicho. Ukitia chupa katikati ya Julai, ziache wiki tatu kwenye joto la ndani, afu zihamishie sehemu ya baridi, mpaka harusi zitakuwa na wiki kama kumi na bia imetulia vizuri.

Lita 20 ni chupa 60 za sentilita 33. Wa kugonganisha glasi 80, kila mmoja sentilita 15, ni lita 12, chupa kama 36, zinazobaki ni za wale watakaoipenda. Glasi ziwe ndogo, na andika asilimia kwenye lebo kwa herufi kubwa, maana chupa moja ya Tripel ya asilimia 9 ina pombe nyingi kuliko painti nzima ya bia ya kawaida ya asilimia 4, na mtu akiona dhahabu anafikiri ni lager, bia nyepesi ya kawaida, anakunywa tatu kisha anachukua funguo za gari. Mwambie MC awatangazie kabisa.

Chupa zifike ukumbini siku moja kabla, zisimame wima ili mashapo yashuke. Zitoke friji robo saa kabla ya kumimina, ziwe nyuzi 8 mpaka 10, zikiwa baridi kupita hapo ile karafuu huisikii. Mimina taratibu kwa mkono mmoja bila kukatisha, na bia ya chini yenye mashapo, kama kimo cha kidole, iache chupani. Wasiokunywa pombe nao wanataka kumgongea glasi rafiki yao, watengenezee tangawizi yenye gesi au juisi ya ukwaju, meza yake tofauti na glasi nzuri vile vile, wasije wakapewa vikombe vya plastiki kama watoto.

Sheria haina shida. Uingereza toka mwaka 1963 unaruhusiwa kupika bia ya kwako nyumbani bila leseni, na kumpa mtu bure ni sawa, ukishauza hata chupa moja ndo unaingia kwenye kodi na leseni. Ila kaulizie ukumbi mapema, kumbi nyingi zenye baa yao hazitaki kinywaji cha nje au wanatoza kwa kila chupa.

SWALI: Dada mambo, rafiki yangu anafanya sherehe ya kipaimara cha mwanae Dar, anataka mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya nyumbani kwetu Moshi. Niitie kwenye madumu niyafunge vizuri yasafiri na basi usiku?
Msomaji, Moshi

JIBU: Poa mdogo wangu. Usiyafunge! Mbege bado inachachuka hata ikiwa njiani, gesi haina pa kutokea, dumu linavimba na mfuniko unaruka kwenye mizigo ya watu. Na hata ikifika salama, siku ya pili ya tatu inakuwa chachu mno, wageni wataonja tu. Beba kila kitu peke yake, maji ya ndizi yaliyokwisha kuchacha yaende kwenye dumu lisilojaa, mfuniko umelegezwa kidogo na dumu likae wima, uombe likae chini kabisa kwenye buti la basi. Unga wa ulezi uliooteshwa ubebe mkavu, na magome ya msesewe kidogo ya kutia uchungu. Ukifika Dar pika uji wa ulezi, uache upoe kabisa, changanya jioni ya kuamkia sherehe. Na ukumbuke joto la Dar linaikimbiza kuliko la Moshi, kwa hiyo asubuhi na mapema onja, ikishakuwa tayari ianze kugawiwa mara tu watu wakitoka kanisani. Na kata za kunywea ubebe kutoka nyumbani, huko utazitafuta mpaka uchoke.