Mwanangu, kuhusu Mungu wa Wamormoni

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza kwenye daladala natoka Kariakoo, unauliza mama eti ni kweli Wamormoni, wale wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanasema Mungu ana mwili, maana kijana mnayetaka kuoana ni wa huko.

Ni kweli na wala hawafichi. Kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, sehemu ya 130, kinasema Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na Mwana hivyohivyo, ila Roho Mtakatifu hana. Chimbuko ni Joseph Smith, mwanzilishi wao, alikuwa kijana wa miaka 14 kule New York, mwaka 1820 akaenda msituni kusali ajue ajiunge na kanisa gani, na kwa maelezo yake akaona wawili wamesimama hewani juu yake, mmoja akamwonyesha mwenzie akamwita Mwanangu Mpendwa. Wawili mwanangu, kila mtu na nafsi yake. Ndo maana lile ungamo la imani la maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, kwamba Mwana ana asili moja na Baba, wao hawalikubali, umoja wanaousema ni wa nia na kazi.

Alafu wakisema Baba wa Mbinguni hawasemi kwa mfano. Wanaamini roho zetu zilikuwa kwake kabla hatujazaliwa, na Mama yupo pia, tangazo lao la familia la 1995 linataja wazazi wa mbinguni. Na kwa vile mtoto hukua akafanana na mzazi, basi binadamu naye anaweza kuja kuwa kama Mungu. Aprili 1844 Smith alihubiri kwamba hata Mungu mwenyewe aliwahi kuwa kama sisi, Juni akauawa.

Hapo mi nashindwa kuwafuata. Baba yako alivyolazwa zile siku tisa nilikuwa naomba Mungu awe wodini kwake na awe Mbagala mlikolala nyie peke yenu, saa ileile. Yesu alimwambia yule mama Msamaria kisimani Mungu ni Roho, nimeshikilia hapo mpaka leo. Wao watakujibu Roho Mtakatifu ndo anafika kote, na ni jibu la watu waliofikiri, usilidharau.

Ila anayekwambia huyo kijana hamwamini Yesu anakudanganya, anasali kwa jina lake kabisa. Mlete Jumapili baada ya ibada, nitapika ndizi na nyama, nataka nimsikie kwa mdomo wake akimwelezea huyo Baba.

Mama