Ripoti ya CRB: anza na mistari, alama baadaye

Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya sacco yetu kwa muda, na swali ninaloulizwa zaidi ni, "Kwani mimi niko CRB?" CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Ukiwa umewahi kukopa benki hapa Kenya, hata kwa simu, uko. Benki zilianza kwa kupeleka majina ya wasiolipa mwaka 2010, baadaye zikapeleka habari za wanaolipa vizuri pia. Kwa hiyo uliza kilichoandikwa juu yako.

Leseni za Benki Kuu za kuendesha CRB wanazo Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila moja inakupa ripoti bure mara moja kwa mwaka. Alama, yaani namba inayopima unavyolipa, za Metropol zinaanzia 200 hadi 900, lakini usizilinganishe na za kampuni nyingine, kwa sababu kila moja ina hesabu yake.

Mimi alama huzitazama mwisho. Kwanza natafuta siku za kuchelewa kwa kila mkopo. Mtu aliyechelewa mara moja, mwaka ambao mshahara ulikwama, simwogopi. Anayenitia wasiwasi ni mwenye mikopo midogo ya simu mitano kwa pamoja, huu ukilipa ule, hata kama alama zake bado zinapendeza. Natazama pia ni wakopeshaji wangapi wameomba ripoti yake karibuni, maana wakiwa wengi, najua anabisha kila mlango.

Mwalimu mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, alikataliwa mkopo wa kumalizia nyumba. Ripoti ilionyesha deni la mkopo wa simu ambalo alikuwa ameshalilipa, na ujumbe wa M-Pesa alikuwa nao. Alipopiga simu CRB akaelezwa kwamba wao huandika wanacholetewa, na wa kurekebisha ni mkopeshaji. Nilimshauri afanye mambo mawili siku hiyo hiyo: amwandikie mkopeshaji barua yenye ushahidi wa malipo, na awasilishe malalamiko rasmi CRB. Halafu akague ripoti za zile kampuni nyingine mbili, kwa kuwa kosa hilo hilo huenda limepelekwa huko pia. Lilikuwepo. Kama angerekebisha moja tu, benki inayosoma nyingine ingemkataa tena.

Hapa niseme wazi, kwa sababu watu wanaibiwa. Ukilipa deni lililokwisha kuharibika, yaani ulilochelewa kulipa hadi likaorodheshwa vibaya, linaonyeshwa kuwa limelipwa, lakini historia ya kuchelewa hubaki miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa. Hakuna mtu wa Facebook anayeweza kuifuta kwa shilingi elfu tatu. Ukimtumia pesa na nambari ya kitambulisho, umempa nafasi ya kukopa kwa jina lako.

Wanaotafuta kazi za serikali wajue kwamba cheti cha CRB, kile cha kuonyesha kwamba huna deni baya, na ripoti ni vitu viwili. Soma ripoti mapema, kabla ya kuomba cheti, kwa sababu kurekebisha kosa huchukua wiki kadhaa na tarehe ya mwisho ya maombi haikungojei.

Na ukibadilisha laini ya simu, wajulishe wote wanaokudai. Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha vibaya, na nimeona notisi nyingi zikiishia kwenye laini iliyokufa.