Hiyo si kamera
Ndugu uliyeuliza kama mnarekodiwa ofisini, hiyo si kamera. Hicho kidude cheupe cha mviringo kwenye dari ya ofisi yenu pale Posta kwa kawaida huwa ni sensa ya taa, yaani kihisi kinachowasha na kuzima taa. Inasoma joto la mwili linapohama, haipigi picha wala hairekodi sauti. Ndiyo maana taa zinazima mkitulia mnaandika, ukipunga mkono zinawaka. Mimi ni fundi umeme, nimezifunga nyingi maofisini, na kosa karibu kila mara ni muda uliowekwa wa kusubiri kabla ya kuzima taa. Dakika 5 hazitoshi kabisa kwa watu wanaokaa mezani, mwambieni fundi wa jengo aweke 20. Msikubali ibandikwe karatasi ya kuifunika, maana kwenye baadhi ya majengo hiyo hiyo ndiyo inapunguza AC chumba kikiwa kitupu. Ila zipo aina mpya zenye lenzi ya kamera, kwa hiyo angalieni namba ya modeli ili muwe na uhakika yenu si ya aina hiyo.