Mtoto njiti anapumua kwa shida na tumeletewa fomu ya utafiti: nisaini au nikatae?

Mkuu, hongera kwa mtoto na poleni kwa misukosuko. Umesema shemeji kajifungua wiki ya 31, mtoto anahangaika kupumua, na jana dada mmoja kakuletea fomu ya utafiti wa vichanga wenye tatizo hilo. Ndugu wanakwambia usithubutu, mtoto si panya wa maabara, na wachangiaji wengi wa jukwaa hili wamekazia hivyo hivyo.

Mimi nimekuwa huyo dada mwenye fomu. Ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi za utafiti kwenye wodi za watoto wachanga hapa Dar. Nimekataliwa na akina baba wengi tu, wengine kwa matusi, na sina kinyongo.

Kwanza uelewe mtoto anasumbuliwa na nini. Kwa umri huo mara nyingi mapafu hayajatengeneza ute wa kutosha uitwao safaktanti, ambao kazi yake ni kuzuia vifuko vya hewa visijifunge mtoto anapotoa pumzi. Bila huo ute, vifuko vinanatana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Ndiyo maana unamwona anaguna, pua zinatanuka, mbavu zinaingia ndani, anahema zaidi ya mara 60 kwa dakika. Kila pumzi anaanza upya kufungua vifuko vilevile, mpaka anachoka.

Sababu hiyo ilijulikana mwaka 1959, kwa kazi ya Mary Ellen Avery na Jere Mead kule Marekani. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, mtoto wa Rais Kennedy aitwaye Patrick alizaliwa kabla ya wakati akafa kwa ugonjwa huohuo siku ya pili. Baba yake ni rais aliye madarakani, na bado madaktari hawakuwa na cha kumpa zaidi ya oksijeni. Tiba ya sipapu, yaani kuyaweka mapafu wazi kwa presha ya hewa, ilikuja kuelezwa na daktari Gregory na wenzake mwaka 1971; siku hizi wodini ni ile mashine ya bomba za puani ambayo ncha yake nyingine inatumbukizwa kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Yale mapovu si mapambo: kina cha bomba ndani ya maji ndicho kinachopima presha inayoweka mapafu wazi. Ukiona chupa haitoi povu, mwite nesi hapohapo.

Sasa hoja ya panya. Watu wanadhani mtoto asiye kwenye utafiti anapewa vitu vilivyothibitishwa tu. Si kweli. Chukua sindano za kukomaza mapafu anazochomwa mama kabla ya kujifungua. Zilisifiwa tangu 1972, lakini ushahidi mwingi ulitoka nchi tajiri. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, wa kuzisambaza mpaka vituo vya chini. Vifo vya vichanga kwa ujumla viliongezeka badala ya kupungua. Ikabidi Shirika la Afya Duniani lirudi kupima, safari hii kwenye hospitali zenye uwezo wa kujua umri wa mimba na kumhudumia njiti, na mwaka 2020 jibu likawa kwamba zinaokoa. Dawa ni ileile, ila mazingira yake yanabadilisha kila kitu, na hilo hulijui mpaka upime.

Mfano wa karibu zaidi ni wa hapahapa. Zamani tuliambiwa njiti asiwekwe kifuani kwa mama mpaka hali yake itulie. Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali tano, za nchi tano, zilizojaribu kuanza kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8. Matokeo yalitoka 2021: waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana. Walioweka saini pale ni akina mama wa Dar kama shemeji.

Hii haina maana usaini kwa kufumba macho. Binafsi naona fomu zetu ni ndefu mno, na kumletea mama aliyetoka kupasuliwa kurasa nzima za maandishi si haki. Mwambie huyo dada aeleze kwa mdomo, kwa Kiswahili cha kawaida. Muulize: mtoto wangu akiangukia kundi la ulinganisho, lile lisilopewa tiba inayojaribiwa, atapata nini? Jibu linapaswa kuwa matibabu ya kawaida ya wodi, yaleyale anayopata sasa. Muulize damu itachukuliwa kiasi gani, maana kwa njiti hata mililita chache si mchezo. Angalia kama kuna kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na namba ya simu ya mtafiti mkuu, na udai nakala yako. Kama ni dawa mpya, ulizia na kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na nani analipa mtoto akidhurika. Ukiombwa hela, kataa papo hapo. Na ukiambiwa "usiposaini mtoto hatahudumiwa", nenda kwa daktari mkuu wa wodi, hilo ni kosa. Unaweza kujitoa hata kesho, bila kutoa sababu.

Ningekuwa wewe, kwa majibu mazuri ya hayo, ningesaini. Faida moja isiyosemwa: mtoto wa utafiti hupimwa mara nyingi zaidi, kwenye wodi ambayo nesi mmoja ana vichanga wengi.

Vyovyote utakavyoamua, shemeji aanze kukamua maziwa leo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Hata yakitoka matone, yapelekwe wodini.