Bosi anasema manunuzi tunakula hela tu, nimjibuje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni afisa manunuzi kwenye hospitali binafsi hapa Morogoro, tupo wawili tu. Kila kikao cha bajeti mkurugenzi anauliza idara yenu inaingiza shingapi, nikisema tunabana bei mhasibu anacheka, eti hizo hela mnazookoa mbona hazioni kwenye vitabu. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu, ila mhasibu wako ana hoja. Supplaya analeta proforma (karatasi ya bei anayotaka kabla hujanunua) ya glavu 18,000 kwa boksi, mnabishana anashuka mpaka 15,000, unaandika umeokoa 3,000, kumbe oda iliyopita mlinunua 14,500! Hapo hujaokoa kitu, umeongeza 500.

Kwa hiyo kabla ya yote kaa na huyo huyo mhasibu mkubaliane bei ya kuanzia, iwe ya mwisho mliyolipa au wastani wa mwaka jana, muiandike. Halafu tofauti ya hiyo bei na mliyolipa sasa unazidisha kwa mzigo ulioingia stoo kweli, sio ule wa kwenye mkataba. Na usichanganye mambo: supplaya akitaka kupandisha bei asilimia 10 ukambana akaishia 4, ni kazi nzuri lakini bajeti haijapungua hata senti, sasa hiyo iweke safu yake peke yake, ukiijumlisha na zile nyingine mhasibu atacheka tena.

Bei ya kununulia nayo inadanganya sana, chukua mfano wa printa. Moja 900,000, tona (wino) yake 180,000 inatoa kurasa 2,000, yaani shilingi 90 kwa ukurasa. Nyingine 1,600,000, tona 240,000 kurasa 8,000, shilingi 30. Mkiprinti kurasa 5,000 kwa mwezi, ile "ya bei rahisi" inawala 300,000 zaidi kila mwezi, na ile laki saba ya tofauti inarudi kabla miezi mitatu haijaisha. Hesabu kama hii mkurugenzi anaielewa bila kuelezwa mara mbili.

Mwambie na hili: kama faida yenu ni asilimia 10, milioni moja mliyookoa kweli ni sawa na faida ya kuhudumia wagonjwa wakalipa shilingi milioni kumi.

Ila kwenye hizo ulizookoa toa na hasara zako, hapa ndo wengi tunakwepa. Dawa mlizonunua nyingi kisa punguzo zikaexpaya kwenye shelfu, toa. Zilizoisha stoo mkakimbilia duka la jirani kwa bei ya rejareja, ile tofauti nayo toa, hata kama aliyechelewesha oda ni wodi sio wewe. Kinachobaki gawanya kwa mishahara yenu wawili na gharama za ofisi; ikija 4, kila shilingi inayotumika kwenye idara yenu imerudisha nne.

Ripoti iwe ukurasa mmoja kila robo mwaka, na mhasibu asaini kabla haijafika kikaoni.